Kesi saa tatu, mtoto ana homa: mwongozo kamili kwa wakili mwenye watoto wadogo

Saa kumi na moja alfajiri nimekaa ukingoni mwa kitanda cha mtoto, kipimajoto kinasoma 38.9. Saa tatu kesi yangu inasikilizwa. Shahidi wetu mkuu amesafiri usiku kucha kuja kutoa ushahidi, na mteja ameisubiri siku hiyo mwaka mzima. Mtoto amenishika kidole kimoja na hataki kukiachia.

Asubuhi ile mambo yalikwenda salama. Mwenzangu wa ofisini aliingia mahakamani na jalada analolijua, mteja alikuwa amekwisha kutana naye, na shahidi aliongozwa vizuri. Mimi nilikuwa kwa daktari. Hakuna hata kimoja kati ya hayo kilichotengenezwa alfajiri ile. Vyote vilikuwa vimeandikwa na kukubaliwa wiki kadhaa kabla, mtoto akiwa mzima na mimi nikiwa nimetulia.

Ndicho ninachotaka kukupa hapa. Kazi ya uwakili na malezi ya watoto wadogo vitagongana, tena mara kwa mara, hata uwe mpangaji hodari kiasi gani. Tarehe ya mahakama huipangi wewe, na homa haiombi ahirisho. Lakini kati ya hivyo viwili kuna mambo mengi yanayoweza kusogezwa, na yanasogezeka kirahisi yakisogezwa mapema. Wakili amefundishwa kujiandaa kwa hoja ambayo upande wa pili bado haujaitoa. Ustadi huo huo uingize nyumbani.

Hatua ya kwanza: jua muda wako unaenda wapi

Kwa wiki mbili andika kila kitu unachofanya tangu unapoamka mpaka unapolala. Ofisi nyingi zinazotoza wateja kwa saa huigawa saa moja katika vipande kumi vya dakika sita, kwa hiyo pengine mazoea ya kuhesabu tayari unayo. Safari hii hesabu na zile dakika ambazo hakuna mteja atakayezilipia: foleni ya magari, kusubiri kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, barua pepe za saa tano usiku.

Wiki mbili zikiisha, gawa kazi zako mafungu matatu. La kwanza ni zenye tarehe ya kisheria: muda wa kuwasilisha utetezi, ukomo wa muda wa kukata rufaa, siku ya kusikilizwa. Hizo hazichezewi. La pili ni zile mteja anazozihitaji kweli, ila siku yake inaweza kujadiliwa. La tatu ni mazoea tu. Kikao cha saa kumi na mbili jioni kilichowekwa saa hiyo kwa sababu siku zote kimewekwa saa hiyo. Kwenda mwenyewe kwenye kesi inayotajwa tu, yaani isiyosikilizwa siku hiyo, wakati mwenzako yupo mahakama hiyo hiyo na kesi zake tatu. Kujibu ujumbe wa mteja ndani ya dakika mbili usiku, ilhali jibu la asubuhi lingemtosha kabisa.

Fungu la tatu ndilo utakalokata. Mawakili wengi hukimbilia kukata usingizi kwanza, na hapo ndipo makosa ya tarehe huanzia.

Hatua ya pili: shajara moja, na tarehe ya ndani

Usiwe na shajara ya kazi mezani na tarehe za watoto kichwani. Chanjo, kliniki, siku shule inapofungwa, kikao cha wazazi, likizo ya yaya: vyote viingie kwenye shajara ile ile yenye kesi, viandikwe mara tu vinapojulikana. Sababu yake ni ya kiutendaji kabisa. Tarehe nyingi za kesi hupangwa kwa sekunde chache, umesimama, jaji akiuliza mawakili kama tarehe 14 inafaa. Ukifungua ukurasa na kukuta pameandikwa chanjo ya miezi tisa, utasema, "Mheshimiwa, tarehe hiyo nina udhuru, naomba iwe kati ya tarehe 16 na 20." Mara nyingi utapewa. Ukikumbuka chanjo jioni ukiwa nyumbani, umechelewa.

Neno udhuru linatosha, huna haja ya kueleza mambo ya familia yako mbele ya watu. Ila usiseme una kesi mahakama ya juu kama huna. Wajibu wa kuwa mkweli kwa mahakama haulegei kwa sababu aliyekuweka njia panda ni mtoto wako, na jina la wakili likishachafuka kwa uongo mdogo halisafishiki upesi.

Kisha weka tarehe ya ndani. Kila waraka wenye mwisho wa kisheria upe tarehe yako mwenyewe, siku tatu za kazi kabla, na uichukulie kama ndiyo tarehe yenyewe. Kama utetezi unatakiwa Ijumaa, kwako wewe unatakiwa Jumanne. Siku hizo tatu ni mali ya mtoto. Atazitumia kwa kuharisha, kwa jino linaloota, kwa usiku mmoja wa kukohoa mpaka alfajiri, na asipozitumia utapata nafasi ya kusoma hati yako mara ya pili. Kama kuna hatua moja katika mwongozo huu ambayo ningekusihi usiiruke, ni hii. Muda wa ukomo ukipita, mteja anaweza kupoteza haki yake moja kwa moja, na hakuna maelezo ya kulea yatakayoirudisha.

Hatua ya tatu: likizo ya uzazi, kabla yake na baada yake

Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na wiki 6 kati ya hizo ziwe za lazima baada ya kujifungua. Pendekezo Na. 191 linaloandamana nao linahimiza wiki 18. Nchi yako inaweza kuwa na kiwango chake, kwa hiyo soma sheria ya kazi ya kwako. Soma pia hadhi yako, maana wakili mwenye ofisi yake au mbia katika kampuni mara nyingi hahesabiwi kuwa mwajiriwa, na ulinzi wa mwajiriwa huenda usimfikie. Kama uko kwenye kundi hilo, likizo yako utaijenga mwenyewe: akiba ya miezi kadhaa, makubaliano ya maandishi na wabia wenzako, na kupunguza kupokea kesi mpya kuanzia mwezi wa sita wa ujauzito. Baba naye achukue likizo yake yote aliyopewa na sheria. Nimewaona wanaume mawakili wakirudi ofisini siku ya nne kana kwamba wamepewa nishani, na mke amebaki peke yake na kidonda na kichanga.

Makabidhiano yaanze wiki sita kabla ya tarehe ya matarajio, kwa sababu watoto nao huja kabla ya wakati. Kila mteja aambiwe kwa maandishi nani atashika jalada lake, na akutane naye wewe ukiwa bado upo.

Ukirudi, kama unanyonyesha, panga maziwa kama unavyopanga mashahidi. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na vyakula vingine mpaka miaka 2 au zaidi. Mkataba ule ule Na. 183 unampa mama anayenyonyesha haki ya mapumziko ya kila siku au kupunguziwa saa za kazi, na muda huo uhesabiwe kuwa wa kazi na ulipwe. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa 4 mahali pasipozidi nyuzi joto 25, mpaka saa 24 kwenye mfuko wa baridi wenye barafu, na mpaka siku 4 kwenye friji. Siku ya kesi ndefu, fika mapema umwombe karani chumba chenye mlango unaofungwa, na ujue mapumziko yatakuwa saa ngapi. Mimi nilibeba begi dogo la bluu ndani ya begi la majalada: pampu, chupa mbili, kitambaa, blauzi ya akiba. Blauzi ndiyo niliyoisahau siku ya kwanza, na nikamaliza kuhoji shahidi nimekumbatia faili kifuani.

Hatua ya nne: walezi, na karatasi moja ukutani

Mlezi mmoja hatoshi. Unahitaji wa kila siku, iwe yaya, bibi au kituo cha kulelea watoto, na unahitaji wa dharura ambaye amekubali kwa kinywa chake kwamba unaweza kumpigia saa kumi na mbili asubuhi. Muulize wazi, ukiwa bado huna shida: "Yaya akiugua siku nina kesi, unaweza kuja?" Ukipata jibu la kusitasita, tafuta mwingine, kwa sababu kusitasita leo ni hapana siku yenyewe.

Ukutani bandika karatasi moja. Iwe na uzito wa mtoto, dawa zinazomdhuru, jina la hospitali, namba zako, za mwenzi wako na za ofisini kwako, pamoja na majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua shuleni. Chini yake andika kwa herufi kubwa dalili za hatari kwa mtoto wa chini ya miaka 5: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au hazinduki. Mtoto wa chini ya miezi 3 akifikisha joto la 38, naye aonwe na daktari mara moja. Mlezi akiona mojawapo, anaondoka na mtoto kwenda hospitali kwanza, anakupigia akiwa njiani. Mwambie hivyo kwa maneno hayo hayo. Walezi wengi hupoteza dakika za thamani wakimtafuta mama ambaye simu yake imezimwa mahakamani.

Na kwa simu hiyo iliyozimwa, mpe mlezi namba ya mtu anayeweza kuingia mahakamani na kukupa kikaratasi. Ofisi inapaswa kujua kwamba kikaratasi hicho kipo.

Jambo moja zaidi, ambalo linaniuma. Wakili anayesimama mahakamani kutetea haki za wafanyakazi asiwe na yaya asiye na mkataba. Andika mshahara, saa za kazi, siku za mapumziko na malipo ya saa za ziada, na uzilipe. Wewe ukichelewa kutoka mahakamani, yeye naye anachelewa kufika kwa watoto wake.

Hatua ya tano: jalada ambalo mwenzako anaweza kulishika

Turudi alfajiri ile ya homa. Kilichoniokoa ni ukurasa mmoja uliokaa mbele kabisa ya jalada. Ulikuwa na mambo matano: kesi imefikia wapi, kinachofuata ni nini, mteja ameridhia nini na amekataa nini, hoja ambayo tusikubali kuiachia kwa namna yoyote, na namba ya shahidi. Kila nikirudi kutoka mahakamani naurekebisha kabla sijakaa. Huchukua dakika chache, na usipoufanya siku hiyo hiyo hutaufanya tena.

Mchague mwenzako wa kushikiana naye kesi, na deni lilipwe pande zote. Yeye akiwa na mgonjwa au msiba, wewe ndiye unayesimama. Wakili anayeomba msaada kila mara na hana muda wa kusaidia hubaki peke yake haraka, na hapo hatalaumiwa mtoto. Mteja naye aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba jalada lake lina mawakili wawili wanaolijua. Nilidhani wateja watachukia. Wengi hupumua, kwa sababu hata wao wanaogopa wakili wao akiugua itakuwaje.

Ahirisho liwe la mwisho, na likihitajika liombwe mapema: mjulishe wakili wa upande wa pili na karani kabla mashahidi hawajapanda gari.

Hatua ya sita: jioni

Fanya hesabu kidogo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo. Mtoto anayeamka saa kumi na mbili asubuhi na kulala kidogo mchana, saa mbili usiku anatakiwa awe amelala. Ukifika nyumbani saa kumi na mbili jioni, umebakiwa na saa mbili, na ndani yake kuna chakula na kuoga. Ukifika saa moja na nusu, umebakiwa na kumfunika shuka.

Ruth Bader Ginsburg, aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, aliingia shule ya sheria ya Harvard mwaka 1956 akiwa na binti wa miezi 14. Alieleza baadaye kwamba alisoma mpaka saa kumi jioni, kisha muda ukawa wa mtoto mpaka alale, ndipo akarudi kwenye vitabu. Aliona kila upande ulimpa pumziko kutoka kwa mwingine. Mpaka wake ulikuwa ukuta wenye saa maalumu, haukuwa nia njema tu. Wewe nawe chagua saa yako. Kama huwezi kila siku, chagua jioni tatu kwa wiki na uziandike kwenye shajara kama kesi. Jioni tatu za uhakika zinamtosheleza mtoto kuliko tano za kubahatisha, kwa sababu anajifunza kukungoja pasipo wasiwasi.

Simu iingie droo. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu nilipokuwa nikimsikiliza huku nasoma ujumbe wa mteja. Hakulia. Alinishika mashavu kwa mikono yake miwili yenye uji, akageuza uso wangu mpaka macho yakakutana, ndipo akaendelea na hadithi yake ya paka. Kama unafanya kesi za jinai na mtu anaweza kukamatwa usiku, weka zamu na wenzako, simu ya dharura izunguke, na usiku usio wako usiwe wako kweli.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Wakili aliyechoka huhoji watoto. "Nani kamwaga? Ulikuwa wapi? Mbona mwanzo umesema hivi?" Mtoto wa miaka minne hawezi kujibu maswali dodoso, ataishia kusema uongo kwa woga. Na kama kutwa umeshughulikia kesi ya ukatili kwa mtoto, usiingie nayo mlangoni. Kaa nje dakika kumi, vua koti, nawa uso. Ikikufuata mpaka ndotoni, ongea na mshauri nasaha, kwa sababu kazi hiyo huumiza hata watu imara.

Hatua ya saba: siri za mteja ndani ya nyumba yenye watoto

Nyaraka halisi hazilali nyumbani. Nilijifunza siku niliyokuta kiapo kilichosainiwa kimechorwa jua kwa kalamu ya nta ya rangi ya machungwa, na miale yake imepita juu ya mhuri. Beba nakala. Kompyuta ijifunge yenyewe baada ya dakika moja, na watoto wasichezee simu yenye barua pepe za kazi. Mazungumzo na mteja yafanyike chumba chenye mlango, kwa sababu mtoto wa miaka minne anasikia majina na atayapeleka shuleni kesho yake akiyatamka vizuri kabisa.

Hatua ya nane: mwenzi na ofisi

Nyumbani gawaneni majalada mazima. Atakayeshika kliniki ashike na kukumbuka tarehe, kuweka miadi, kupeleka na kununua dawa. Kumwambia mwenzako "nikumbushe tu, nitaenda" ni kumwachia sehemu nzito ya kazi. Ginsburg huyo huyo, alipokuwa profesa wa sheria, alichoka kupigiwa simu na shule kuhusu utundu wa mwanawe, akawaambia mtoto huyu ana wazazi wawili, wapigieni kwa zamu. Simu zilipungua sana, maana waliona tabu kumsumbua baba. Andikisha namba mbili shuleni, ya baba iwe ya kwanza. Kama unalea peke yako, namba ya pili iwe ya yule wa dharura, naye awe amekubali.

Ofisini, ukiomba saa pungufu, omba na majalada pungufu. Kinyume chake nimekiona mara nyingi: mshahara unapungua kwa theluthi, kesi zinabaki zile zile, na mama anazimalizia usiku bila malipo. Makubaliano yaandikwe: idadi ya majalada, siku za kuwepo, malengo ya saa za kutoza, nini kitatokea kesi kubwa ikianza, na tarehe ya kuyapitia upya baada ya miezi mitatu.

Ukifikiria kuacha kabisa, usiamue mwezi ambao hakuna aliyelala. Subiri mwezi wa kawaida. Na ukiamua kupumzika, pumzika bila kujiona umeshindwa. Sandra Day O'Connor aliacha kazi takriban miaka mitano kulea wanawe, akarudi mwaka 1965 katika ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la Arizona, na mwaka 1981 akawa mwanamke wa kwanza katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Katika kipindi hicho lipia leseni yako kama unaweza, na hudhuria mafunzo ya lazima, kwa sababu kurudi na leseni iliyo hai ni kazi nyepesi zaidi.

Wiki za kesi kubwa

Kuna wiki ambazo hakuna mpango utakaokufikisha nyumbani kabla watoto hawajalala. Zikubali, ila ziwe na mwisho unaoonekana. Mtoto wa chini ya miaka mitano hajui "wiki mbili" ni nini. Mchoree vijisanduku kwenye karatasi, kimoja kwa kila siku, bandika penye usawa wa macho yake, na kila asubuhi futeni kimoja pamoja, hata kama ndiyo dakika tano pekee mtakazopata siku hiyo. Sanduku la mwisho lipake rangi.

Siku ya sanduku hilo iandike kwenye shajara siku ile ile unayopangiwa kesi, usingoje iishe. Iandike kama udhuru. Yangu ya mwisho iliangukia Jumatano. Karani alipiga simu kuuliza kama ningeweza kufika kwa ajili ya kutajwa, nikamwambia nina udhuru, na mwenzangu akaenda.